Kadi Yenye Makoti Mawili

Nyumbani kwetu karatasi yenye mhuri hailali uchi. Cheti cha ndoa kimefungwa plastiki. Vyeti vya ubatizo vya watoto wanne vimefungwa plastiki, na cha mtoto wa tatu kimefungwa pamoja na sisimizi mmoja aliyechelewa kutoka. Watu wa miji mingine hutucheka, lakini wao hawakubeba vitambulisho tulivyobeba sisi. Kadi ya karatasi ngumu ukiitembeza mvua mbili Lubumbashi, pua inaondoka kwanza, macho yanafuata, na mwaka wa tatu unamwonyesha polisi kivuli. Anakuuliza, "Huyu njo nani?" Unatazama pamoja naye, na wewe pia huna hakika.

Kwa hiyo kila kona ya soko kuna mtu mwenye mashine ya moto ya kuplastifia, na kila mtu mwenye akili ana mtu wake. Wangu alikaa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kati ya muuza makaa na muuza sabuni. Ofisi iliponipa kadi yangu ya kazi, ile mpya yenye puce, kidude cha rangi ya dhahabu kama ukucha wa mtoto, nilimpelekea siku hiyo hiyo.

"Patron," aliniambia akiigeuza mkononi, "hii iko kadi ya bakubwa. Nikutilie plastiki moja ao mbili?"

"Mbili, kwa bei ya moja."

"Papa, utaniuwa!"

"Sikuue. Nitakuletea ofisi yote."

Akacheka, akatia mbili. Nilikata kingo kwa mkasi mwenyewe, nyumbani, taratibu, ili kadi isizidi upana wake. Nikaiweka kwenye bahasha, bahasha kwenye Biblia, Biblia kwenye sanduku, maana ofisini ilikuwa bado haijapewa kazi. Ofisi nzima sikumletea kamwe. Wenzangu walisema wataona kwanza. Ndiyo faida ya kufanya kazi na watu waoga.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa ofisi ya elimu, chumba cha tatu mkono wa kushoto: kuhakiki orodha za wanafunzi wa mtihani wa mwisho wa sekondari kabla hazijafungwa kwenye mashine kubwa iliyoko Kinshasa. Kwa maneno mengine, kuhesabu majina. Mungu aliniumbia kazi hiyo. Mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Ngazi za ofisi nilizihesabu nikipanda na nikishuka, maana katika miaka ile hata ngazi ingeweza kuondoka usiku.

Mambo yalikuwa yanachanika kama mfuko wa unga: unashika hapa, panamwagika pale. Watu wa silaha walikuwa wameshuka kutoka porini upande wa kaskazini. Vijiji vikahamia barabarani, barabara zikahamia mjini. Askari walisimama kwenye mizunguko yote. Siku moja mji unafungwa, siku ya pili unafunguliwa, siku ya tatu hakuna anayejua, na milango ya maduka ikajifunza kazi mpya: kufunguka nusu, mwenye duka akichungulia kama mke wa pili. Ofisi yetu ilifungwa kwa kufuli kubwa na karatasi ndogo. Mtandao ulikatwa, nani aliukata, hatukuuliza. Ulirudi Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi mkubwa wangu akanipigia simu.

"Uko na kadi yako?"

"Ninayo, chef. Imelala kama mfalme."

"Basi amusha mufalme. Wenye kadi watafanya kazi nyumbani. Mashine ya Kinshasa inafunga orodha leo saa sita ya mchana. Ikifunga, imefunga. Wa Kilwa watakuja kwako."

"Wangapi?"

"Mumoja tu. Lakini eko na kaye, daftari ya majina."

Saa mbili na nusu mke wangu akaniita kutoka uani. "Papa, banakulomba ku mulango. Iko mama moya, anatoka Kilwa. Sura yake ni ya mwalimu, usitoke na singileti."

Nikavaa shati. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kitunga na daftari lililofungwa ndani ya kanga na kamba juu yake. Viatu vyake vilikuwa na rangi ya barabara yote, kutoka ziwani hadi kwangu. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari kule Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Sisi tunamwita préfète, na yeye aliitikia cheo hicho kama mtu anayeitikia jina lake. Alikataa kiti mpaka aseme.

"Chef, batoto yangu beko arobaini na moja. Tulikimbia pamoja. Beko Kasomeno, banalala mu sali, ukumbi ya parokia. Mutihani ya Kilwa haiwezi kufanyika, fasi yenyewe hakuna tena muntu. Banasema ukiandika majina yao upya ku kituo ya Kasomeno, batafanya. Usipoandika..." Akafungua kamba ya daftari bila kumaliza. "Mwaka yao inakufa. Na wengine, mwaka ikikufa, hawarudie tena ku masomo. Nabajua."

"Mama préfète," nilimwambia, "kaa. Saa tatu hii. Kazi ni ya nusu saa. Utakunywa chai, utaona mambo ya kisasa."

Nilisema hivyo. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mke wangu amenikumbusha mara nyingi.

Kompyuta ya nyumbani nilikuwa nimeinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anaondoka nchini kwa haraka; mtu mwenye haraka ndiye muuzaji ninayempenda. Betri yake ilikwisha kufa, lakini ukiwapo umeme inaamka. Umeme ulikuwapo. Nikaweka mezani kile kisanduku cha kusomea kadi tulichopewa na ofisi, lecteur, nikakiunganisha na kompyuta. Nikaenda sandukuni, kwenye Biblia, kwenye bahasha. Préfète alitazama sherehe yote kwa adabu.

Kadi iliingia kwenye lecteur kwa shida, kama mguu kwenye kiatu cha Noeli ya mwaka jana. Nikasukuma. Ikaingia. Kioo kikaandika: *Tafadhali weka kadi.*

Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. *Tafadhali weka kadi.*

Nikafuta lecteur kwa pindo la shati. Nikabadilisha tundu. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, na kwa umri wake kuamka kulikuwa safari. *Tafadhali weka kadi.* Lugha ya mashine hiyo ilikuwa na heshima sana, ndiyo iliyonichosha.

"Chef," alisema préfète, "ni kisasa hiyo?"

"Ni mwanzo wa kisasa."

Nikapiga ile namba ya msaada iliyoandikwa nyuma ya kisanduku. Baada ya muziki mrefu mwanamume mmoja akajibu, Kifaransa chake kikikimbia kama cha mtu anayesoma ukurasa unaomdai.

"Kadi iko ndani?"

"Iko ndani."

"Itoe."

"Nimeitoa."

"Irudishe. Mashine inasema nini?"

"Inasema niweke kadi."

"Basi weka kadi, bwana."

"Ndugu yangu, nikiiweka zaidi ya hapo itatokea kwa jirani."

Nikasikia akigeuza ukurasa. "Kadi yenyewe iko katika hali nzuri? Haikuguswa na kitu?"

"Haikuguswa hata na vumbi," nilijibu, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesifiwa. "Jamhuri yote hakuna kadi iliyotunzwa kama hii."

"Basi ni lecteur. Tafuta nyingine." Na simu ikakatika.

Kutafuta nyingine, Jumamosi ya mji uliofunguka nusu! Lecteur zilizobaki zilikuwa nyuma ya kufuli la ofisi. Saa nne na robo ilikuwa imepita. Préfète alikuwa amefungua daftari juu ya magoti na anapitisha kidole kwenye majina, juu mpaka chini, kisha anaanza tena juu. Nilianza kubishana bei na Mungu. Kwanza nikamtolea Misa moja. Alipokaa kimya nikaongeza ya pili. Hakushuka hata kidogo. Yule naye anajua soko.

"Mwaka jana nilikuwa na wanafunzi kumi na tisa tu," préfète alisema, akiliambia daftari zaidi ya mimi. "Mwaka huu nikatembea nyumba kwa nyumba. Kwa bavuvi, kwa bachimbaji. Nilibaambia bazazi: mutoto akifika ku mutihani, mimi njo nitabeba muzigo yote. Sasa nabeba."

Nikatoa kadi mara nyingine, nikaiangalia kama mtu anavyomwangalia mjomba aliyekataa kuchanga.

"Nipe niishike," alisema.

Kadi ya serikali haishikwi na kila mtu, tulisainishwa karatasi. Lakini viatu vile vilikuwa vimetembea sana. Nikampa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani, akapitisha ukucha pembeni, akasikiliza kama fundi wa redio. Kisha akaniangalia kwa namna ambayo mwalimu humwangalia mtoto wa mkaguzi: anataka kucheka na anahofia kazi yake.

"Chef. Hii kadi inavaa."

"Inavaa nini?"

"Koti." Akapitisha ukucha tena. "Koti mbili."

"Ni ulinzi huo, mama. Plastiki bora."

"Naona ni bora. Lakini hii kintu ya dhahabu, si inapashwa kugusa chuma ya mu kisanduku? Sasa itagusa namna gani? Ni kama kunawa mikono umevaa ganti."

Kutoka jikoni kikatoka kicheko cha mke wangu, kile cha kushika kifua. "Nilionaka siku ile alileta!" akapaza sauti. "Nikasema, labda ni vile banafanya ku ofisi. Yeye njo alisoma, mimi ni nani?"

Najua watu ambao wangetafuta mtu wa kumlaumu. Mimi pia nilitafuta, nikapitia orodha mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa peke yangu.

Sasa kuivua. Koti la kwanza lilitoka kwa wembe, bila kelele, kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. La pili lilikuwa limeshika kwenye puce yenyewe, na gundi ya moto haijui serikali. Nilipoinua kidogo, kidude cha dhahabu kikatetemeka.

"Acha, acha!" alisema préfète. "Utatosha roho yake, itakufa!"

Mke wangu akaja na pasi ya makaa iliyokuwa inanyoosha sare za Jumapili, akaweka leso juu ya kadi. "Papa, ondoka apa. Kazi ya pasi hauijue."

"Usiiweke sana!"

"Nitaiweka kama ya hariri. Na hariri yenyewe ulisema utaninunulia, bado nangojea."

Akagusa, akainua, akagusa, akainua. Leso ikatoa moshi mwembamba, na moyo wangu vilevile. Préfète akaingiza ukucha. Vidole vyake vilikuwa vimetoa magamba ya samaki tangu utoto, alisema, na gamba na plastiki ni ndugu: usilivute juu, lilaze nyuma. Akalilaza nyuma. Koti likatoka lote kwa pamoja. Puce ilibaki mahali pake, uchi, inang'aa. Kadi ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, kama mtu aliyelala vibaya.

Tuliinyoosha chini ya Biblia kwa dakika tano nilizozihesabu. Kisha nikaiingiza kwenye lecteur. Iliteleza yenyewe, bila kulazimishwa, na taa ya kijani, ambayo sikujua kama ipo, ikawaka. Kioo kikaandika: *Ingiza namba ya siri.*

Wanawake wale wawili walipiga vigelegele kwa tarakimu sita ambazo bado hazijaandikwa. Nikaandika. Vitone sita vikatokea. Nikabonyeza.

*Namba si sahihi. Majaribio yaliyobaki: mawili.*

Vigelegele vilikatika katikati. Majaribio yakiisha kadi inajifunga, na kuifungua ni mpaka Kinshasa. Saa tano ilikuwa imegonga.

"Umesahau?" aliuliza mke wangu.

"Mimi? Kusahau namba?"

Vidole viliniwasha kujaribu tena hapo hapo. Lakini sokoni hununui taa bila kuiwasha mbele ya mwenye kuuza. Nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, ambako maandishi yanaonekana wazi, ili nione vidole vyangu vinasema nini. Kabla sijaandika, préfète alielewa, akageukia ukutani kwa heshima, kama mtu aliyemkuta mkwe wake anaoga. Mke wangu hakugeuka. Yeye anaijua namba hiyo, ni siku tuliyooana.

Niliandika namba yangu, na ukurasani zikatoka alama: kistari, mabano, herufi yenye mkato kichwani. Hakuna namba hata moja. Kibodi ya ofisini, niliyochagulia namba hii siku ya kupewa kadi, ina namba zake pembeni, unabonyeza zinatoka. Hii ya nyumbani ni ndogo, ya Kifaransa, na namba zake zinakaa ghorofani: hazishuki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Na vile vitone vya siri huficha ujinga kama vinavyoficha siri. Nikashikilia kitufe. Zikatoka namba, sita, za ndoa yangu. Nikazifuta, nikarudi kule, nikashikilia kitufe kwa kidole cha mkono wa kushoto mpaka kikawa cheupe, nikaandika kwa wa kulia.

Mlango wa mashine ya Kinshasa ukafunguka.

Préfète akakaa karibu yangu, akaanza kusoma. Jina, jina la baba, tarehe, mahali. Alisoma bila haraka, akitamka kila mmoja kama anamwita mbele ya darasa, na kwa wengine akaongeza maelezo ambayo mashine haikuwa na nafasi yake. "Huyu njo anaimba." "Huyu ni musumbufu, lakini jometri yake!" "Huyu baba yake alikataa, mama yake akauza mbuzi." Niliandika kinachotakiwa. Mke wangu alileta chai katikati, akauliza kama sukari ni mbili ao tatu, tukajibu, tukaendelea.

Saa sita kasoro dakika kumi na moja tukafika mwisho. Préfète akafunga daftari. "Bonyeza, chef."

"Nahesabu kwanza."

"Tumeandika pamoja!"

"Ndiyo maana nahesabu."

Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. Arobaini.

"Haiwezekane," alisema. "Hesabu tena."

Hakuna neno tamu kwangu kama hilo. Nikahesabu tena, kutoka chini kwenda juu safari hii. Arobaini. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga hatua kama askari. Tukachukua daftari na kioo, mstari kwa mstari, yeye anasoma, mimi naweka kidole, mpaka kwenye jina la ishirini na tatu, ambapo sukari ilikuwa imepita. Msichana. Yule wa mbuzi alikuwa wa ishirini na mbili, na huyu aliyemfuata tulimnywa na chai.

Préfète alitamka jina la yule msichana, herufi kwa herufi, na mkono wake ulikuwa juu ya meza umekunjwa. Nikaandika. Nikahesabu: arobaini na moja. Nikaanza tena.

"Chef, saa!"

"Mama, arobaini na moja ya haraka inaweza kuwa arobaini."

Ilikuwa arobaini na moja. Nikabonyeza. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo. Sisi watatu tuliangalia duara lile, na nadhani kila mmoja alikuwa analisukuma kwa pumzi. Umeme ulipepesuka mara moja, taa ikawa nyekundu kama kaa, ikarudi. Duara likazunguka. Kisha likasimama, na kioo kikaandika kwa heshima yake ileile: *Orodha imepokelewa. Kituo: Kasomeno. Watahiniwa: 41.* Saa sita kasoro dakika nne.

Niliandika namba ya risiti kwenye karatasi, nikaisoma kwa sauti, nikaisoma tena. Préfète aliishika karatasi ile kwa mikono miwili. Aliomba simu, yake ilikuwa imezima tangu barabarani. Nikampa yangu. Akapiga Kasomeno, kwa padri, na padri akaipeleka simu ukumbini. Tulisikia viatu vyake, mlango, kisha kelele ya watu wengi waliokaa mahali pamoja siku nyingi.

"Batoto," alisema, na akasafisha koo. "Batoto, munaingia. Bote. Mutafanya mutihani."

Sitajua kuandika sauti iliyotoka kwenye simu ile. Mabenchi yalianguka. Mtu alipiga ngoma ya kanisa, na padri akasikika akikataza, kisha hakukataza tena. Mke wangu alikuwa anacheka na kufuta macho kwa leso ileile iliyoungua. Kelele ilipopungua, sauti moja ya kijana ikatoka karibu kabisa na simu, ya mtu aliyekuwa na tumaini lake binafsi katika machafuko haya yote.

"Madame? Na hesabu pia iko ndani?"

"Hesabu pia."

"Yote?"

"Yote."

Wenzake wakamzomea kwa furaha. Préfète akavuta kitunga, akatoa kitabu kilichokunjika pembe zote, akavaa miwani. Akanywa chai yangu, si yake, bila kuona.

"Chukueni karatasi," alisema kwenye simu. "Asiye na karatasi aandike chini na makaa. Swali ya kwanza."

Nilitaka kumkumbusha kwamba simu ilikuwa yangu na vocha pia. Nikafungua kinywa, nikamwangalia, nikahesabu mpaka mbili, nikakifunga. Nikasogeza kiti karibu. Swali la kwanza lilikuwa la pembetatu, na hata mimi jibu lake sikulijua.